Mkazo wa nyuzi za raketi usichaguliwe kwa kuiga

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo wachezaji wengi wa tenisi huliamua kwa sekunde chache, wakiwa wamesimama mbele ya fundi, ilhali wataishi nalo kwa wiki au miezi kadhaa: nyuzi za raketi zikazwe kwa kiasi gani. Mimi ni mkufunzi wa tenisi na pia huwafungia wengine nyuzi za raketi, kwa hiyo swali hili hunifikia kutoka pande mbili, uwanjani mchezaji anapolalamika kwamba mipira yake inatoka nje, na mezani raketi hiyo hiyo inapoletwa pamoja na agizo la kuikaza zaidi kuliko mara iliyopita. Ninaamini kwamba wachezaji wengi wa kawaida wanacheza na nyuzi zilizokazwa kupita mahitaji yao, kwamba kiwango hicho hawakukichagua bali wamekiiga au wamekirithi, na kwamba njia iliyo salama ni kuanzia upande wa chini wa kiwango kilichochapishwa kwenye fremu, kisha kupanda au kushuka kwa kufuata mahali mpira unapoangukia.

Nianze na kazi yenyewe ya nyuzi, kwa sababu hapo ndipo imani nyingi potofu zinapozaliwa. Kwa kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, mpira wa kawaida ukiangushwa kutoka kimo cha sentimita 254 juu ya sakafu ngumu hutakiwa kudunda hadi kati ya sentimita 135 na 147. Maana yake ni kwamba karibu nusu ya nishati ya mpira hupotea katika mdundo mmoja tu, kwa kuwa mpira hubonyea na haurudishi yote uliyoyapokea. Nyuzi haziko hivyo, kwani zikisukumwa nyuma hurudisha zaidi ya asilimia 90 ya nishati iliyozisukuma. Basi mpira na raketi vinapogongana kwa muda wa takriban sehemu tano za elfu moja ya sekunde, nishati hugawanyika baina ya mrudishaji mzuri na mrudishaji mbaya. Nyuzi zikiwa laini, zenyewe ndizo zinazobonyea na mpira hubaki karibu na umbo lake, na kwa sababu hiyo mpira huondoka kwa kasi zaidi. Nyuzi zikiwa ngumu, mpira ndio unaolazimika kubonyea, na sehemu ya jasho la mchezaji huishia humo. Anayeongeza mkazo ili apige kwa nguvu zaidi anapata kinyume cha alichokitaka, ingawa mlio mkali wa nyuzi zilizokazwa humfanya asadiki kwamba amepiga kombora.

Ni haki pia kusema kwamba tofauti hiyo ya kasi ni ndogo. Ukilegeza nyuzi kwa kilo mbili au tatu (mkazo hupimwa kwa kilo au pauni za nguvu inayouvuta uzi unapofungwa) hutaona mpira ukienda kasi kwa namna ambayo mtazamaji aliye kando ya uwanja angeitambua. Kinachoonekana ni urefu wa mpigo, yaani mpira huanguka mbele zaidi, na sababu yake kubwa ni pembe unayoondokea kuliko kasi yake. Nyuzi zilizolegea huukumbatia mpira kwa muda mrefu kidogo zaidi, na kwa kuwa wakati huo kichwa cha raketi kinapanda, mpira huachiliwa ukielekea juu kidogo. Nyuzi zilizokazwa huuachilia mapema, nao huenda chini zaidi. Wanasayansi wawili wa Australia, Robert Bower na Rod Cross, waliochunguza jambo hili kwa mipira iliyopigwa, waliona mwelekeo huo huo: kwa mkazo mdogo makosa yalielemea kwenye mipira inayopita mstari wa nyuma, na kwa mkazo mkubwa yakaelemea kwenye mipira inayokwama wavuni.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengi wanaofundisha mchezo huu. Wao husema kwamba mkazo mkubwa unaleta udhibiti, na wanafunzi wao hulipokea neno hilo kana kwamba nyuzi zina macho ya kuona mistari ya uwanja. Udhibiti ni uwezo wa kupeleka mpira mahali pale pale mara kwa mara. Nyuzi zilizokazwa hazikusanyi mipira iliyotawanyika. Zinachofanya ni kuusogeza mtawanyiko wote karibu na wavu. Mchezaji ambaye mipira yake miwili inapita mstari wa nyuma na miwili inagonga wavu hana tatizo la mkazo hata kidogo, na kumkazia nyuzi ni kumwongezea mipira ya wavuni. Yule ambaye kila anapozungusha mkono kwa uhuru mipira yake yote inapita mstari wa nyuma kwa hatua moja, na haikwami wavuni kabisa, huyo ndiye anayeweza kusaidiwa na kilo moja zaidi. Kabla ya kuagiza lolote, mchezaji ajiulize yeye ni nani kati ya hao wawili, na ikiwezekana amwombe mwenzake asimame nyuma ya uwanja amhesabie mipira inayotoka na inayokwama, maana kumbukumbu ya mtu aliyekasirishwa na mpira wa mwisho haiaminiki.

Suala la pili, ambalo halizungumzwi inavyostahili, ni kwamba tarakimu inayowekwa kwenye mashine siyo mkazo utakaokuwamo ndani ya raketi. Zipo mashine zinazovuta uzi hadi kiwango kilichowekwa kisha zinajifunga. Uzi, kwa tabia yake, huendelea kurefuka hata baada ya mashine kujifunga, kwa hiyo hulegea kidogo kabla fundi hajauweka bano. Zipo nyingine, za umeme au za mkono wenye uzito unaoning'inia, ambazo huendelea kuvuta mpaka bano liwekwe. Raketi mbili zilizofungwa kwa tarakimu moja kwenye mashine hizo tofauti hutoka na ugumu tofauti, na anayehama kutoka kwa fundi mmoja kwenda kwa mwingine akiwa na namba ile ile kichwani atalalamika bure kwamba fundi mpya hajui kazi. Kuna pia mikono ya fundi mwenyewe. Nikiwa nafunga raketi kwa mashine ya uzito, mkono wa mashine hushuka taratibu hadi ukae sawa na meza, na uzi ukiwa mpya hushuka kidogo tena baada ya kutulia. Fundi mwenye haraka hubana hapo hapo, na fundi mwenye subira husubiri uzi umalize kujinyoosha. Tofauti ya kusubiri huko haionekani katika uzi mmoja, lakini raketi ya nyuzi 16 za wima na 19 za mlalo ina nafasi 35 za kuharakisha.

Baada ya hapo huja kulegea kwa kawaida, ambako hakuna fundi anayeweza kukuzuia. Nyuzi huanza kupoteza mkazo tangu zinapofungwa, na sehemu kubwa ya upotevu huo hutokea katika saa 24 za mwanzo, hata kama raketi imelala mfukoni mwake bila kuguswa. Kwa nyuzi za nailoni si ajabu kupoteza karibu sehemu moja ya kumi katika siku hiyo ya kwanza. Zile za utumbo wa ng'ombe huhifadhi mkazo wake vizuri kuliko zote, na zile za poliesta huupoteza kwa kasi kuliko nailoni, tena huendelea kufa zikiwa bado nzima machoni. Kwa hiyo mtu anayesema kwamba anacheza kwa kilo 25 anataja kiwango cha siku moja iliyopita zamani. Aliyefungiwa raketi kwa kilo 25 miezi sita iliyopita na akaizoea amezoea mkazo mdogo zaidi, na akienda kufungiwa upya kwa tarakimu ile ile atahisi kwamba amepewa ubao. Huwa nawashauri wachezaji wa namna hiyo washushe kilo moja wanapofunga upya, wasichelewe mno kufunga tena, na waone kama mkono hautafurahi.

Nimeitaja poliesta, na sina budi kukaa nayo kidogo, kwa kuwa aina ya uzi hubadili kila kitu ninachosema kuhusu mkazo. Mchezaji akiniuliza kiwango kizuri bila kuniambia atatumia uzi gani, siwezi kumjibu. Utumbo ni laini na hurudisha nguvu nyingi, na unavumilia kukazwa sana bila kuwa mgumu kama ubao, ila ni ghali na hauupendi unyevu. Nailoni, hasa ile iliyosukwa kwa nyuzinyuzi nyingi nyembamba, huukaribia utumbo kwa ulaini na ndiyo inayowafaa watu wengi zaidi. Poliesta ni ngumu kiasili. Ilipata sifa kubwa mwaka 1997, Gustavo Kuerten wa Brazili alipotwaa ubingwa wa Ufaransa akiwa na nyuzi za kampuni ya Luxilon ya Ubelgiji, na tangu hapo ikaenea katika mashindano ya kulipwa hadi ikawa ndiyo kawaida. Siri yake ni utelezi. Mchezaji anapoupiga mpira kwa kuipandisha raketi, nyuzi za wima husogea pembeni juu ya zile za mlalo kisha hurudi mahali pake kabla mpira haujaondoka, na kurudi huko huuzungusha mpira zaidi. Mpira unaozunguka sana huinama haraka na kuanguka ndani ya mistari hata ukipigwa kwa nguvu zote.

Matokeo yake ni kwamba mabingwa wa leo hawahitaji mkazo mkubwa ili mipira yao ibaki uwanjani, kwa sababu mzunguko unawafanyia kazi hiyo, na ndiyo maana viwango vya mkazo katika mashindano makubwa vimeshuka kwa jumla tangu poliesta ienee. Mchezaji wa kawaida ameiga uzi wao, lakini mkazo wao hakuuiga. Amechukua poliesta na kuikaza kama alivyokuwa akiikaza nailoni, na matokeo yake ni raketi ngumu isiyosogea, isiyozungusha mpira kama ilivyotarajiwa, na inayopeleka kila kishindo kwenye kiwiko. Kanuni inayotumiwa na mafundi wengi, nami naikubali, ni kwamba anayehama kutoka nailoni kwenda poliesta ashushe mkazo kwa takriban sehemu moja ya kumi. Kwa fremu iliyoandikwa pauni 50 hadi 60, yaani karibu kilo 23 hadi 27, ningemwanzisha mtu wa nailoni kwenye kilo 24, na mtu wa poliesta kwenye kilo 21 au 22, hata kama hiyo ni chini ya kiwango kilichochapishwa. Kushuka chini ya kiwango hicho hakuumizi fremu. Kupanda juu yake ndiko kunakoweza kuipasua.

Ningependa hapa niwaombe waandishi wa kurasa za michezo, kwa heshima, kwamba wanapoutaja mkazo wa raketi ya bingwa fulani wataje pia aina ya uzi na ukubwa wa kichwa cha raketi yake. Björn Borg alijulikana kwa kukaza nyuzi zake hadi karibu pauni 80, yaani kilo 36, kiasi kwamba inasimuliwa zilikuwa zikikatika zenyewe usiku chumbani mwake. Pete Sampras alitumia utumbo uliokazwa kwa zaidi ya kilo 32. Msomaji kijana akizisoma tarakimu hizo peke yake atadhani kwamba ubingwa una namba yake. Lakini raketi ya mbao ya Borg ilikuwa na kichwa kidogo, kisichozidi sana inchi za mraba 70, na ile ya Sampras ilikuwa na inchi 85, wakati raketi nyingi zinazouzwa sasa zina inchi 100 au zaidi. Kamba ya kuanikia nguo iliyofungwa baina ya miti miwili iliyo karibu huwa ngumu ukiibonyeza katikati, na kamba hiyo hiyo ikifungwa baina ya miti iliyo mbali, kwa nguvu ile ile, hubonyea kwa urahisi. Uzi mfupi na uzi mrefu wenye mkazo mmoja havina ugumu mmoja, na kwa hiyo tarakimu haihami kutoka kichwa kimoja cha raketi hadi kingine bila kurekebishwa.

Na kama tarakimu kubwa ndiyo ingekuwa ufunguo, basi Adrian Mannarino wa Ufaransa asingekuwa na kazi. Yeye amecheza miaka mingi katika ngazi ya juu kabisa kwa nyuzi zilizofungwa chini ya kilo 13, kiwango ambacho fundi asiyemjua angedhani kimeandikwa kimakosa. Mapigo yake ni mafupi na tambarare, anaupokea mpira mapema na kutumia kasi ya mpinzani, na nyuzi hizo zinaelewana na mikono yake. Rafael Nadal naye, ambaye mkono wake ulizunguka kwa kasi kuliko wa wengi, alishikilia kiwango cha karibu kilo 25 kwa miaka na miaka bila kuhangaika nacho. Roger Federer alichanganya utumbo katika nyuzi za wima na poliesta katika nyuzi za mlalo, ili apate ulaini wa huu na utelezi wa ile. Kila mmoja wao alifika kwenye kiwango chake kutokana na namna anavyopiga, na hakuna hata mmoja kati yao ambaye tarakimu yake ingemfaa mwenzake. Sembuse mtu anayecheza mara mbili kwa wiki.

Mpangilio wa nyuzi nao una sehemu yake, ingawa sitauchambua sana. Raketi yenye nyuzi 18 za wima na 20 za mlalo ni ngumu zaidi na huurusha mpira chini zaidi kuliko ile ya 16 kwa 19, hivyo anayetoka kwenye ya pili kwenda kwenye ya kwanza anaweza kushusha mkazo bila hofu. Unene wa uzi, ambao kwa kawaida huwa kati ya milimita 1.20 na 1.35, hauna uzito huo. Uzi mwembamba hubonyea kidogo zaidi na hukatika mapema.

Hali ya hewa na mwinuko hustahili kukumbukwa na wale wanaosafiri kwa mashindano. Joto huufanya mpira udunde kwa uchangamfu, na baridi huuzubaisha na kuzifanya nyuzi zihisiwe ngumu, kwa hiyo siku za baridi kali kilo moja pungufu haileti hasara. Mahali palipoinuka sana hewa ni nyepesi na mpira husafiri mbali, na hilo ni jambo zito kiasi kwamba Shirikisho la Kimataifa limeidhinisha mpira maalumu kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219 kutoka usawa wa bahari. Ambako mpira huo haupatikani, wachezaji hupandisha mkazo kwa kilo moja au mbili. Hapo kukaza kuna sababu inayoeleweka, nami sina pingamizi nako.

Sasa mchezaji afanyeje? Kwanza atazame shingo ya raketi yake, mahali pale kiwango kilipochapishwa, kwa pauni au kwa kilo au kwa vyote viwili, akikumbuka kwamba kilo moja ni pauni 2.2, kwa maana nimewahi kuona maagizo yaliyochanganya vipimo hivyo viwili kwa namna ambayo ingeivunja fremu mezani. Aanzie nusu ya chini ya kiwango hicho. Acheze saa kadhaa kabla ya kuhukumu, kwa sababu saa za kwanza ni za uzi kujinyoosha na za mkono kuzoea, na asihukumu kwa siku aliyoamka vibaya. Akiona mipira inatoka nje mfululizo huku akipiga kwa uhuru, apandishe kilo moja mara nyingine. Akiona inakwama au inaanguka kifupi, au anajikuta akijitutumua ili ifike nyuma, ashushe kilo moja. Chini ya nusu kilo hakuna atakachokitambua. Bower na Cross hao hao waliwapa wachezaji wazoefu raketi zenye mikazo tofauti, na wengi wao walishindwa kueleza ipi imekazwa zaidi hata pale tofauti ilipokuwa ya kilo kadhaa, jambo ambalo linapaswa kuwapunguzia wasiwasi wale wanaobishana na fundi juu ya robo ya pauni.

Abadilishe jambo moja tu kwa wakati mmoja. Anayebadili uzi, unene na mkazo kwa pamoja hatajua ni kipi kilichomsaidia au kumwangusha. Na aandike. Kipande kidogo cha karatasi yenye gundi ndani ya shingo ya raketi, chenye tarehe, jina la uzi, mkazo wa nyuzi za wima, mkazo wa zile za mlalo na aina ya mashine, kina thamani kuliko mazungumzo marefu na mimi. Siku hizi kuna programu za simu zinazokadiria mkazo kwa kuusikiliza mlio wa nyuzi zikigongwa, na ingawa tarakimu zake si za kuapia, zinafaa sana kwa kufuatilia jinsi raketi ile ile inavyolegea wiki hadi wiki. Nyuzi zinapoacha kurudi mahali pake zenyewe na mchezaji akawa anazinyoosha kwa vidole kila baada ya pointi, au anapozisogeza na kuona vichanjo vilivyochimbika pale zinapokutana, wakati wa kuzikata umefika hata kama hazijakatika. Mafundi wengi husema raketi ifungwe upya kwa mwaka mara nyingi kama zile anazocheza mtu kwa wiki. Kwa nailoni kanuni hiyo inatosha, lakini kwa poliesta ni uvivu.

Kwa mafundi wenzangu nina neno moja. Mteja anaposema "kama kawaida", tusimfungie tu kiwango cha kati na kumrudishia. Tumuulize anacheza mara ngapi, mipira yake inakosea upande gani, na kama kuna mahali panapomuuma. Maswali hayo matatu hayachukui hata muda wa kutoa nyuzi za zamani.

Hilo la kuumwa ndilo lililonifanya niandike. Maumivu ya upande wa nje wa kiwiko ni ugonjwa unaojulikana kwa jina la mchezo huu, na una sababu nyingi, zikiwemo mbinu mbovu za bekihendi, yaani pigo la mgongo wa mkono, mpini usiolingana na kiganja, na kuongeza mazoezi ghafla. Nyuzi peke yake haziutibu. Lakini nyuzi ngumu huuongezea mkono mzigo katika kila mpigo, na nimeona watu wakinunua bandeji, mafuta na raketi mpya kabla ya kufikiria kushusha mkazo kwa kilo mbili au kuitoa poliesta. Kile kipira kidogo kinachopachikwa chini ya nyuzi hakimsaidii mgonjwa huyu. Kinaondoa mlio na mtetemo wa nyuzi zenyewe, ambao si mkubwa, ila kishindo cha fremu hukiacha kama kilivyo, na ndicho kinachofika kwenye kiwiko. Mwenye maumivu aweke nailoni laini au utumbo, katika ncha ya chini kabisa ya kiwango cha fremu, amwone daktari, na ajifunze upya kupiga kwa pembe mpya ya mpira badala ya kurudi kwenye mkazo wa zamani mara tu mipira miwili inapotoka nje.

Wazazi nao nawaomba wawe macho. Mtoto aliyeanza kushinda mashindano ya umri wake mara nyingi hufungiwa poliesta iliyokazwa, kwa sababu ndiyo anayoiona kwenye televisheni, wakati mkono wake bado unakua na hauna kasi ya kuufanya uzi huo usogee. Hapati mzunguko alioahidiwa, na anachobaki nacho ni ugumu. Mfungieni nailoni yenye nyuzinyuzi nyingi, kwa mkazo wa chini, na mwacheni ajifunze kuuzungusha mpira kwa mkono wake. Atakapofika mahali pa kuikata nailoni hiyo ndani ya wiki chache, kila mara katika nyuzi za wima za katikati, ndipo itakapofaa kuzungumza naye juu ya poliesta, kwanza katika nusu ya raketi tu, huku nailoni ikibaki katika nusu nyingine.

Wako katika michezo,

Mkufunzi wa tenisi na fundi wa nyuzi